Nunua bodi, usinunue rangi

Mhariri, wiki hii mmeuliza iwapo gari la zamani la michezo la Uingereza linamfaa mtu wa kipato cha kawaida, au ni mzigo wa kuwaachia matajiri. Mimi ninaishi Uingereza na ninamiliki gari la namna hiyo, MGB ya mwaka 1969 yenye paa la turubai. Jibu langu ni kwamba linamfaa, ila kwa sharti moja: akague bodi kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za injini.

MGB ilitengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na kwa kuwa zilitoka zaidi ya nusu milioni, vipuri vyake bado vinapatikana kwa urahisi ambao wenye magari mengine ya umri huo hawaujui. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 haina kompyuta wala siri yoyote. Mtu mwenye spana za vipimo vya inchi na subira anaweza kuihudumia mwenyewe, na hapo ndipo ilipo raha ambayo gari jipya halinipi. Chukua kabureta zake mbili za aina ya SU, vifaa vinavyochanganya hewa na petroli kabla ya kuingia kwenye injini. Ukifungua kifuniko cha juu na kutoa pistoni ya kabureta, unaiona sindano iliyochongwa ikapungua unene kuelekea nchani. Injini inapovuta hewa nyingi zaidi, pistoni hupanda na sindano yake, na petroli hupita kwa kadiri inayotakiwa. Kuzilinganisha hizo mbili kwa kipande cha bomba la mpira kilichotegwa sikioni, hadi mvumo wa hewa wa huku na wa huku uwe mmoja na injini itulie, ni kazi ninayoifanya kwa furaha kila majira ya kuchipua.

Umeme wake, uliotengenezwa na kampuni ya Lucas, husingiziwa mengi. Aghalabu kosa ni viungo vya nyaya vilivyoshika kutu au waya wa ethi (unaounganisha umeme na bodi) uliolegea, na msasa mwembamba humaliza shida.

Karaha ya kweli ni kutu. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na kwa kuwa juu hakuna paa la chuma, karibu nguvu zote zimo katika mihimili ya bati iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ina matabaka yaliyofungamana, maji ya barabarani yenye chumvi ya majira ya baridi huingia ndani yake, na chuma huliwa kutoka ndani huku nje rangi ikiendelea kung'aa. Langu lilipofika kwangu lilikuwa limepakwa puti nene mahali ambapo bati lilikuwa limekwisha, na aliyeliuza aliita hayo matengenezo. Kurekebisha si kubandika kiraka: bodi huwekewa nguzo za muda isijipinde, madigadi ya nyuma hukatwa sehemu ya chini, ndipo mihimili mipya ichomelewe. Gharama yake hushinda ile ya kufanyia injini matengenezo makubwa. Anayetaka kununua na alipandishe gari kwa jeki upande mmoja, kisha afungue na kufunga mlango. Ukikwama, au uwazi wa pembeni yake ukipungua, bodi imelegea, na bei yoyote anayotajiwa ni kubwa mno.

Serikali ya huku imeyaondolea kodi ya barabara magari yaliyopita miaka 40, na tangu 2018 mengi yake hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka. Msamaha wa kwanza naushukuru. Wa pili naupinga kabisa, kwa sababu mabomba ya breki na mihimili hiyo hiyo huoza mahali ambapo mwenye gari haoni. Langu bado nalipeleka kwenye ukaguzi kila mwaka kwa hiari yangu, na ningewaomba wenye magari haya wote wafanye vivyo hivyo.