Wadogo zangu wa maabara, strontiamu si bariamu

Wiki hii nimesahihisha ripoti za chumvi isiyojulikana, na kwa mara nyingine nimekuta "bariamu" imeandikwa kwa wino mzito wakati chupa ilikuwa na strontiamu nitreti. Nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha. Kundi la Jumatatu, someni kabla hamjavaa makoti.

1. Safisheni waya wa jaribio la mwali, ule unaobeba chumvi motoni ili muone rangi yake. Chovya kwenye asidi ya haidrokloriki kali, rudisha motoni, rudia mpaka mwali usibadilike rangi. Njano ya sodiamu ikibaki, inafunika kila kitu.

2. Strontiamu, namba 38 kwenye jedwali la elementi, iko chini ya kalsiamu na juu ya bariamu, na tabia zake ziko katikati vilevile. Ndiyo maana jaribio moja halitoshi. Muhula uliopita binti mmoja, makini kuliko wengi, alitia potasiamu kromati moja kwa moja kwenye myeyusho mzito. Mashapo ya njano yakashuka, yakatulia chini ya neli, naye akaandika bariamu. Asidi ya asetiki hakuitia kabisa. Angeitia, angejua: bariamu kromati haiyeyuki humo, strontiamu kromati inayeyuka. Kisha akafanya jaribio la mwali. Ukawaka mwekundu uliokolea, na bariamu hutoa kijani! Akasema waya mchafu, akauweka pembeni. Hapo ndipo nilipoumia, maana jibu sahihi lilikuwa linawaka mbele yake akalikataa kwa kuwa alishaandika jingine. Baada ya kipindi tulirudia wawili. Tone baada ya tone la asidi, njano ile ikaanza kupungua kutoka juu, neli ikabaki na maji ya manjano yasiyo na chembe. Akanyamaza, halafu akauliza, "Kwa hiyo mwali ulikuwa unasema kweli?" Ndiyo, mdogo wangu. Matokeo mawili yakigombana, usimfukuze mmoja. Rudia yote mawili.

3. Tieni myeyusho wa kalsiamu salfeti ulioshiba. Bariamu hutoa mashapo papo hapo, strontiamu hujivuta, kalsiamu haifanyi kitu. Msiimwage neli mapema.

4. Lithiamu nayo huwaka nyekundu, ila, tofauti na strontiamu, haitoi mashapo kwa asidi ya salfuriki.

5. Kuna kijana aligoma kushika chupa kwa kuwa alisoma habari za mionzi. Nilifurahi kwamba anasoma. Strontiamu ya kawaida, ile inayotia wekundu kwenye fataki na kuingia kwenye sumaku za spika, haina mionzi. Inayotisha ni strontiamu-90, inayozaliwa urani inapopasuka, kama ile iliyotawanyika kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986. Nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni karibu miaka 29, na mwili huipokea kama kalsiamu, ukaijenga ndani ya mifupa. Njia hiyohiyo madaktari wameitumia kutuliza maumivu: strontiamu-89 hudungwa kwa mgonjwa ambaye saratani imefika mifupani, nayo huenda yenyewe pale mfupa unapojengwa kwa kasi. Kijana akashika chupa, akapata jibu sahihi.

Nyaya mpya ziko droo ya pili, karibu na sinki. Asidi ya asetiki nimeiweka mbele kabisa ya rafu, na lebo nimeiandika kwa herufi kubwa.