Haki zote wamekariri, ila darasani wanaoneana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha Uraia na Maadili darasa la sita huku Mbagala, watoto wengi mpaka wengine wanakaa chini. Ukiwauliza haki za binadamu wanazitiririsha zote na mtihani wanafaulu, ila muda wa usafi ukifika wasichana ndo wanabeba maji na kudeki, wavulana wako uwanjani wanapiga chandimu. Kuna mtoto pia sare yake imechakaa, wanamcheka kila siku. Nikiyaongelea haya mzazi mmoja kaja juu, eti naingiza siasa darasani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao watoto wameelewa vizuri tu, ila wamefundishwa masomo mawili, moja la ubaoni na lingine la ndoo na ufagio, na hilo la pili ndo linawakaa kwa sababu wanaliishi kila siku. Kwa hiyo anzia kwenye ndoo. Waandikie Ibara ya 12 ya Katiba ya 1977, ile inayosema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, halafu waulize zamu ya usafi wiki hii imekaaje. Usiwape jibu, waache wabishane hata kama darasa litachangamka kidogo, wakimaliza wapange zamu upya wenyewe, wapigie kura na wachague wa kuisimamia. Kumsikiliza mtu usiyekubaliana naye hakufundishiki kwa kukopi notsi, sijawahi kuona.

Huyo wa sare, tafadhali sana, usimfanye mfano mbele ya wenzake. Mwite pembeni, ongea na mwalimu mkuu na mzazi wake. Elimu bila ada ilianza 2016 lakini sare na madaftari bado mzazi ananunua, na hilo darasa linaweza kulijadili bila kumtaja mtu.

Wasimulie pia kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana wa hapa Tanzania. Alienda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, akashinda 2016, serikali ikakata rufaa na 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Wasichana wako wanaobeba ndoo waisikie, na wavulana waisikie zaidi, maana humo kuna raia, sheria, mahakama na serikali vyote kwa pamoja.

Kuhusu mzazi, vyama na wagombea usiviguse kabisa, hapo yuko sahihi. Ila mtoto kujua kwamba mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na wakazi, na kwamba wakazi wana haki ya kuuliza michango yao imeenda wapi, huo ndo uraia wenyewe, na somo lako linaitwa hivyo hivyo. Muombe mwalimu mkuu ruhusa, umkaribishe huyo mzazi akae nyuma darasani siku watoto wanapanga zamu.