Kipimo cha kichwa siku ya kuzaliwa hakitoshi

Mkunga alizungusha utepe juu ya nyusi, akaupitisha juu ya masikio hadi kisogoni, akasoma namba, akatabasamu. Kichwa kiko sawa. Nililia kwa furaha, maana tangu nilipougua Zika, ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu, nikiwa na mimba ya miezi mitatu, hofu yangu yote ilikuwa kwenye kichwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mwepesi: upele, macho mekundu, viungo kuuma, homa kidogo. Wengi hawaoni dalili yoyote. Ila virusi hivi hupenya kondo la nyuma na kuharibu seli changa za ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto 5 hadi 15 katika kila 100 wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito hupata madhara. Tangu mlipuko wa Brazil wa mwaka 2015, watu wakisikia Zika huwaza watoto waliozaliwa na vichwa vidogo tu.

Wangu alipofika miezi minne, ngumi zake zilikuwa bado hazifunguki. Nikitaka kumwosha viganja, lazima nimkunjue kidole kimoja kimoja. Miguu ilikakamaa nikimvisha nepi, na macho hayakufuata uso wangu. Nyumbani waliniambia watoto hawalingani, nivute subira. Nikavuta miezi miwili, na naijutia hadi leo. Alipopimwa tena, kichwa kilikuwa hakikui kama inavyotakiwa, na ndani ya macho mlikuwa na makovu.

Kwa hiyo mama mwenzangu, kama uliugua Zika, hakikisha imeandikwa kwenye kadi ya mtoto. Omba apimwe kichwa kila kliniki, achunguzwe macho na masikio, hata kama anaonekana mzima. Akipaliwa mara kwa mara anaponyonya, au akishtukashtuka kwa mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki. Kushtuka huko huenda ni degedege.

Na kama bado una mimba, mbu anayeeneza Zika huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haikukingi. Vaa mikono mirefu, mwaga maji yaliyotuama kwenye vyombo. Mwenzako akitoka eneo lenye Zika, tumieni kondomu mpaka ujifungue, kwani virusi hukaa kwenye shahawa.

Siku hizi tunamfanyisha mazoezi ya viungo kila asubuhi. Mkono wa kulia umeanza kufunguka wenyewe. Wa kushoto bado naukunjua kidole kimoja kimoja.