Nondo wa Kijani Barazani

Mwalimu, asubuhi tumekuta chini ya taa ya baraza kipepeo mkubwa wa kijani mwenye mikia miwili. Ni mdudu gani? (Mama wa watoto wawili, Ohio)

Hongera, mama! Wapo waliozaliwa huko na hawajawahi kumwona. Huyo ni nondo (kipepeo wa usiku) aitwaye luna, *Actias luna*. Mwanasayansi Linnaeus wa Sweden ndiye aliyempa jina la mwezi wa angani (luna kwa Kilatini) mwaka 1758. Mabawa yakitanuliwa hufika sentimita 8 hadi 11, kila moja lina doa kama jicho, na mashariki mwa Marekani na Kanada hana wa kufanana naye. Mtazame papasi, zile nyuzi mbili za kichwani: zikiwa pana kama manyoya ya ndege, ni dume.

Tumemtilia maji ya sukari, hanywi. Anaumwa?

Haumwi. Kinywa chake hakifanyi kazi. Alikula alipokuwa kiwavi, majani ya mjozi au mbetula, na akiba hiyo ndiyo inayomfikisha kama wiki moja tu. Siku hizo zote ni za kutafuta mwenzi na kutaga. Usiku jike hutulia mahali pamoja akitoa harufu, naye dume huifuata kutoka mbali. Taa humpoteza njia, na mkimfungia kwenye chupa mnamlia siku zake. Nawasihi: mpelekeni kwenye mti wa karibu, kisha taa izimwe mkilala.

Mikia hiyo ni pambo?

Ni kinga dhidi ya popo, anayewinda kwa mwangwi wa sauti yake. Mkia ukijizungusha hewani humvuta popo auume wenyewe, nondo akaponyoka. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliokatwa mikia walinaswa zaidi sana.

Majani yakipukutika huwa tunayafagia yote na kuyatupa. Kuna madhara?

Yapo. Kiwavi hujisokotea hariri ndani ya jani, na kifukofuko hicho hukaa chini, kati ya majani makavu, baridi yote hadi joto lirudi. Acheni walau kona moja ya ua bila kufagiwa.

Afrika Mashariki tunaye? (Msomaji, Morogoro)

Luna hatuna, ila jamaa yake tunaye: *Argema mimosae*, wa kijani-manjano, mikia mirefu kuliko ya luna. Viwavi wake hula majani ya mng'ongo. Ukikuta mtini kifukofuko cha rangi ya fedha chenye vitundu vidogo, usikichume; ni chake.