Klasi mama ya zana za kuchorea: ibebe nini, iache nini

Miaka kadhaa iliyopita nilimtengenezea fundi seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, programu ndogo ya kuchorea makabati na meza, ili mteja akifika karakanani aone mchoro kwenye simu badala ya kuchorewa kwa chaki juu ya kipande cha mbao. Programu ilikuwa na zana sita: penseli, rula, mstatili, raba, mkono wa kusogezea mchoro na zana ya kuchagua. Kila zana niliiandika peke yake, nayo ilisikiliza yenyewe matukio ya kugusa, kuburuta na kuachia. Mezani kwangu yote yalikwenda vizuri. Siku niliyoipeleka Keko, fundi alikuwa katikati ya kuchora mlango wa kabati simu ilipoita. Alizungumza, akakata, na aliporudisha kidole kwenye kioo mstari mrefu uliruka kutoka alipoishia mpaka alipogusa, ukalikata kabati lote katikati.

Kosa halikuwa la simu. Programu ilikuwa ikiendeshwa ndani ya kivinjari, na kivinjari kinapoona kwamba mguso hautaendelea, au kinapoamua kuuchukua kwa ajili ya kusogeza ukurasa, hutuma tukio liitwalo pointercancel, na baada ya hapo tukio la kuachia kidole haliji tena. Zana zangu zote zilikuwa zikilisubiri. Nilirekebisha penseli siku hiyohiyo, nikasahau rula, na wiki iliyofuata fundi akanipigia kuniuliza rula imepatwa na nini.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba kufuatilia mguso ni kazi ya klasi mama, yaani kiolezo kimoja cha msimbo ambacho zana zote hurithi, wala si ya kila zana. Wazo lenyewe ni la zamani: JHotDraw, maktaba ya kutengenezea programu za kuchorea iliyoandikwa kwa lugha ya Java na Erich Gamma na Thomas Eggenschwiler, ina klasi iitwayo AbstractTool yenye methodi (yaani vitendo ambavyo klasi hufanya ikiitwa) za kubonyeza, kuburuta na kuachia kipanya. Lakini kipanya hakipigiwi simu. Kwa hiyo mimi hushauri methodi nne: anza, sogeza, maliza na ghairi. Klasi mama pekee ndiyo inayosikiliza matukio na kujua kama zana iko kazini au imetulia. Klasi zinazorithi hueleza tu kinachofanyika katika kila hatua, na isiyo na la kufanya huiacha methodi hiyo tupu. Ghairi peke yake ndiyo ninayoifanya ya lazima, kiasi kwamba katika lugha ya TypeScript huitangaza kuwa dhahania (abstract) ili asiyeiandika akataliwe na kompaila, programu inayotafsiri msimbo, maana ndiyo inayosahaulika na wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Kughairi huwa kwepesi endapo zana haiugusi kabisa mchoro wenyewe. Ninatumia turubai (canvas, eneo la kuchorea kwenye ukurasa) mbili zilizopandana: ya chini ina mchoro uliokamilika, ya juu ni ya rasimu. Zana huchora juu, na inapomaliza hurudisha badiliko. Klasi mama hulitia badiliko hilo katika mchoro na kuliandika kwenye historia ya kutendua, hivyo kughairi kunabaki kuwa kufuta turubai ya juu. Raba ilinisumbua, kwa kuwa kazi yake yote iko chini, mpaka nilipoitazama kama zana inayorudisha orodha ya maumbo ya kuondolewa.

Muundo huo ulinitosha hadi fundi alipoomba zana ya kuchora uso wa meza yenye pembe nyingi, kwa kugusa kona moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimechukulia kwamba mguso mmoja ni kazi moja, na sasa kazi moja ilikuwa na miguso sita. Mbaya zaidi, nilikuwa nimeamua kwamba kidole cha pili kikigusa kioo, klasi mama iighairi zana iliyopo na kukabidhi vidole vyote viwili kwa turubai ili mchoro ukuzwe. Fundi aliweka kona nne, akakuza mchoro ili aiweke ya tano kwa uangalifu, na zile nne zikapotea mbele ya macho yake. Kughairi mguso si kuiacha kazi. Nikaongeza methodi ya tano, acha, inayoitwa mtumiaji anapobadilisha zana au kubonyeza kitufe cha Esc, na maliza ikawa inaweza kurudi mikono mitupu, yaani mguso umekwisha lakini kazi bado. Kama ningeanza upya leo, tofauti hii ningeiweka tangu siku ya kwanza.

Vipimo vya mahali kidole kilipogusa navyo vibadilishwe mahali pamoja tu. Klasi mama ipunguze kwanza nafasi ya turubai kwenye ukurasa, kisha ibatilishe usogezaji na ukuzaji, ndipo iikabidhi zana nukta iliyo katika vipimo vya mchoro, ambavyo kwa seremala ni milimita. Kabla ya hapo mstatili wangu ulikuwa ukitokea pembeni mwa kidole kila mchoro ulipokuzwa, ilhali penseli ilikuwa sahihi, kwa sababu hesabu hiyo niliikumbuka katika zana moja nikaisahau katika nyingine. Uwiano wa pikseli wa kioo, yaani pikseli halisi za kioo kwa kila pikseli moja ya ukurasa kwa upande mmoja, ambao kwenye simu nyingi ni 2 au 3, ubaki siri ya turubai.

Upo pia mzigo ambao klasi mama haistahili kuubeba. Niliwahi kuitia rangi na unene wa mstari, na matokeo yake mkono wa kusogezea ukarithi rangi nyekundu usiyokuwa na matumizi nayo. Sifa za namna hiyo zipewe tu zile zana zinazochora.

Kwa kuwa matukio yote sasa yanapita mlango mmoja, majaribio hayahitaji kivinjari. Ninailisha kila zana mpya orodha ya matukio ya kubuni: anza, sogeza mara tatu, ghairi, kisha anza tena mahali pengine. Mchoro ukiwa na mstari wowote kati ya sehemu hizo mbili, zana hiyo haitoki mezani kwangu kwenda Keko.