Maswali ya wasomaji: Geji 16 au geji 28?

Swali: Ndugu wahariri, salamu. Naishi Des Moines, Iowa, na kila msimu nawinda ndege aina ya fezanti na wenzangu. Wote wana geji 12. Bega langu limechoka na teke la geji hiyo, na kutwa nzima tunatembea mashambani, kwa hiyo natafuta bunduki ya marisau nyepesi, nusu otomatiki. Dukani nimeoneshwa ya geji 16 na ya geji 28. Nichukue ipi? Na mbona wengine wanasema nichukue 20 tu yaishe?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na risasi ndipo uje kwenye bunduki. Pita maduka mawili matatu unayonunua kwa kawaida, tazama rafu, uone boksi ngapi za 16 na za 28 zipo, za marisau namba ngapi, yaani ukubwa gani. Geji 12 hujaza ukuta, 20 hufuata, hizi nyingine mbili hupewa kona. Wanaokwambia uchukue 20 wanafikiria rafu hiyo, na wana hoja.

Geji ni hesabu ya kale: ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa kuwa tufe 16 zilizo sawa, kipenyo cha tufe moja ndicho kipenyo cha mtutu wa geji 16. Ndiyo maana namba ikipanda tundu linapungua. Geji 12 ni milimita 18.5, 16 ni 16.8, 20 ni 15.6, na 28 ni 14 hivi. Ile bunduki ndogo ya .410 haimo kwenye hesabu hii. Hicho ni kipenyo chenyewe kwa inchi, na kwa fezanti hatuipendekezi.

Geji 16 haikuadimika kwa ubovu. Mashindano ya skiti ya Marekani, yale ya kupiga visahani vinavyorushwa hewani, yana madaraja ya 12, 20, 28 na .410, na 16 haimo, kwa hiyo ikakosa wapigaji wanaomaliza risasi kwa maelfu. Kisha geji 20 ikapata risasi ya inchi 3, ikabeba uzito wa marisau uliokuwa wa 16. Geji 28 iliokolewa na skiti hiyohiyo.

Sasa uzito wa marisau. Risasi ya kawaida ya 28 hubeba robo tatu ya wakia, yaani gramu 21. Geji 16 hubeba wakia 1 hadi wakia 1 na thumuni (gramu 28 hadi 32). Kwa marisau namba 6 ya madini ya risasi, gramu 28 ni punje kama 225, na gramu 21 ni kama 169. Punje moja ya 28 haina udhaifu kuliko punje moja ya 16 ikiwa mwendo ni uleule. Kinachopungua ni wingi wake, hivyo mapengo kati ya punje huanza kuonekana mapema zaidi ndege akiwa mbali. Fezanti ni ndege mgumu, dume hasa. Kwa geji 28 weka mpaka wako mita 30, na anayeruka akiwa mita 40 mwache aende.

Kwenye teke kuna mtego. Browning A5 Sweet Sixteen ya sasa, iliyotoka 2016, ina uzito wa kilo 2.6 hivi. Ni raha kuibeba, lakini bunduki nyepesi hurudi nyuma kwa kasi. Ukiilisha risasi za gramu 32, bega halitaona nafuu uliyoitarajia. Ilishe za gramu 28 na utaona tofauti na zile risasi nzito za fezanti za geji 12, ambazo hufika gramu 35 na zaidi.

Uliza pia mwili wa bunduki umeundwa kwa geji gani. Remington 1100 za zamani za geji 16 zilijengwa juu ya mwili wa geji 12. Ukinunua hiyo umepata risasi adimu bila kupunguziwa mzigo. Nyingi za geji 28 nazo hukaa kwenye mwili wa geji 20. Hilo halina ubaya, mradi ujue uzito halisi. Nenda na mizani ndogo ya mkononi, usitegemee kipeperushi.

Mitambo iko ya aina mbili. Ya gesi, kama Remington 1100 au Beretta A400, huchepusha gesi kidogo kupitia matundu ya mtutu isukume pistoni. Teke lake ni laini, ila masizi hujaa humo na lazima usafishe. Kwenye 1100 kuna oringi (pete) ya mpira juu ya bomba la magazini, yaani bomba la akiba ya risasi. Ikipasuka gesi huvuja, na bunduki hutema ganda nusu au hukataa kabisa. Weka mbili za akiba mfukoni. Ya inesha, kama Benelli Ethos, hutumia springi nene ndani ya bolti, kile chuma kinachoziba mtutu kwa nyuma: bunduki nzima ikirudi nyuma, bolti hubaki kidogo, springi hukazwa, kisha hufunguka na kuirusha bolti. Ni safi na nyepesi, ila teke lote linakufikia.

Kwa bega linalouma, sisi tungechukua 28, kwa sharti la zile mita 30 na mbwa anayefanya kazi karibu nawe. Kama wenzako huwinda hadi Desemba na ndege wameshajifunza kuruka mapema, chukua 16 na risasi za gramu 28. Ukinunua, nunua kesi nzima: boksi 10 za risasi 25, zote za aina moja. Kama huna mahali wala pesa ya kuweka akiba hiyo, basi waliokushauri 20 wamekushauri vyema.

Jambo moja la hatari kwa sababu wenzako wana geji 12. Risasi ya 20 ikiingizwa kwenye geji 12 huteleza ikakwama mbele ya chemba, ile sehemu ya mtutu inapokaa risasi. Mtu akidhani bunduki haina kitu akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu risasi za 20 hutengenezwa za rangi ya njano. Risasi ya 16 ndani ya 12, na ya 28 ndani ya 20, nazo ni hatari vilevile. Usichanganye geji mbili kwenye mfuko mmoja wa koti, hata kwa dakika moja.

Swali: Habari za kazi. Mzee jirani yangu hapa Cedar Rapids anauza Browning Auto-5 ya geji 16, ya Ubelgiji, ya zamani sana. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

Jibu: Chemba kwanza. Auto-5 za geji 16 za kabla ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi zilichongwa kwa risasi ya milimita 65, yaani inchi 2 na 9/16. Risasi za leo ni milimita 70. Zinaingia vizuri zikiwa zimekunjwa mdomo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: zikifyatuliwa mdomo hufunguka ndani ya sehemu nyembamba, shinikizo hupanda, na ganda hushindwa kutoka kwenye dirisha. Tafuta kwenye mtutu maandishi ya 2 3/4 au alama ya 70. Usipoyaona, fundi apime kwa kipimo cha chemba. Inaweza kurekebishwa, na gharama hiyo iingie kwenye mapatano ya bei.

Pili, hakikisha haina risasi, simamisha kitako sakafuni, kandamiza mtutu kidogo chini na ufungue kofia ya magazini taratibu, maana springi kubwa inausukuma mtutu juu. Vua mbao ya mbele, uitazame ndani kwa tochi. Nyufa hapo zina maana bunduki imepigwa kwa mpangilio mbaya wa pete ya breki tunayoieleza hapa chini.

Mtutu wa Auto-5 husafiri kurudi nyuma pamoja na bolti, na kinachoupunguzia kasi ni kipande cha shaba kinachobana bomba la magazini. Kwa risasi nzito, ukianzia kwenye mwili: springi, kisha pete ya chuma ikielekeza upande wake uliochongwa mshazari kwenye shaba, kisha shaba yenyewe. Kwa risasi nyepesi pete hiyo huhamishiwa nyuma ya springi, ikagusa mwili. Ukipiga risasi nzito na pete ikiwa nyuma, mtutu hugonga kwa nguvu na mbao hupasuka. Ukikosea kinyume chake, ganda halitoki. Bomba lipakwe mafuta membamba kwa kitambaa. Yakizidi, shaba huteleza na breki inakufa.

Marisau ya chuma usiyapige kwenye mitutu hii ya Ubelgiji. Panapodaiwa marisau yasiyo na sumu, tafuta ya madini ya bismathi, ambayo ni laini zaidi. Bata wote Marekani huwindwa hivyo tangu 1991, na baadhi ya maeneo ya umma ya Iowa hudai hivyo hata kwa fezanti.

Swali: Nipo Dallas. Nusu otomatiki yangu mpya ya geji 28, ya inesha, inatema ganda nusu, na mara mbili nimevuta triga ikalia "kli" tu. Ni mbovu?

Jibu: Huenda ni nzima. Grisi ya kiwandani hufanya bolti iwe nzito; ifute yote, weka tone la mafuta kwenye reli, kisha piga boksi mbili za risasi zenye mwendo wa juu zaidi unazoweza kupata. Usiegemeze kitako kwenye kitu kigumu kisichosogea, kwa sababu bunduki ikizuiwa kurudi nyuma mtambo hukosa nguvu ya kukaza springi. Kama umefunga mfuko wa risasi kwenye kitako, uondoe kwanza.

Ule mlio una chanzo kingine. Kichwa cha bolti lazima kizunguke hadi mwisho ndipo kijifunge. Ukikifunga polepole ili usiwashtue ndege, au kishikio cha bolti kikigonga koti, kinabaki hakijafika, na triga inapiga bure. Ikilia hivyo, elekeza mtutu pasipo na mtu na usubiri nusu dakika, kwani huenda risasi imechelewa kuwaka, kisha itoe. Kufunga, vuta bolti hadi mwisho, uiachie irudi kwa nguvu zake, halafu sukuma kishikio mbele kwa kiganja. Fanya hivyo kila unapopakia.

Na kabla ya msimu wa hua wa Septemba, hakikisha kile kijiti cha kuziba magazini kimo ndani. Ndege wahamao huwindwa kwa bunduki isiyobeba zaidi ya risasi 3 kwa jumla, ile ya chemba ikihesabiwa. Fungua kofia uone kwa macho, kwa sababu anayesafisha mara nyingi hukitoa akasahau kukirudisha.