Muulize Shangazi: Nimewaficha kaka zangu gawio la marehemu baba

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 46, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kongwa, alifariki 2015. Mirathi ilifunguliwa mahakama ya mwanzo, kaka yangu mkubwa anayeishi Mwanza akateuliwa msimamizi, nyumba ya Kibaigwa na mashamba vikagawanywa. Mwezi Januari nilikuwa napanga makabrasha ya baba nikakuta hati ya hisa 3,000 za kampuni moja kubwa. Nilipiga simu, wakasema kweli lipo gawio ambalo halijachukuliwa, ila kiasi hawawezi kunitajia kwa simu. Kaka zangu watatu hawajui kitu.*

*Shangazi, mimi ndiye niliyemuuguza baba miaka minne ya kiharusi. Niliuza hadi duka langu la vitenge pale Majengo. Wao walikuwa wanatuma hela ya Krismasi. Sasa kuna kijana anasema anafahamiana na watu wa hisa. Anasema kwenye mfumo mzee bado yuko hai, kwa hiyo tukijaza fomu kwa jina lake na kubadilisha namba ya simu, pesa zinaingia bila kelele, yeye achukue theluthi. Anataka 150,000 ya kuanzia na nakala ya kadi ya baba ya mpiga kura. Dawa za presha za mama nazo zimenielemea. Je, nitakuwa na dhambi nikichukua haki yangu kimyakimya?*

*Mwenye Uchungu, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Nianze na huyo kijana, maana yeye ndiye mwenye haraka, na mwenye haraka asipowahiwa hukuwahi wewe. Anachokupendekezea kina jina kwenye sheria: kughushi. Kujaza fomu kwa jina la marehemu, kutia saini yake na kuweka namba yako ya simu mahali pa yake ni kosa la jinai. Saini itakuwa ya mkono wako na pesa itaingia kwenye simu yenye jina lako. Yeye atakuwa wapi siku hiyo? Theluthi yake atakuwa ameshaila, kama kweli mpango wenyewe upo. Mimi nadhani haupo. Nadhani anachotaka ni hiyo 150,000 tu.

Hebu tuipime hiyo 150,000. Sijui hisa za baba yako ni za kampuni gani, wala sitaki uniambie. Lakini chukua mfano wa CRDB, ambayo iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2009 baada ya kuwauzia wananchi hisa kwa shilingi 150 moja. Kwa mwaka 2023 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 50 kwa kila hisa. Mwenye hisa 3,000 alistahili 150,000. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla ya kulipa, kwa hiyo inaondoka 7,500 na mkononi inabaki 142,500. Umeona? Kijana anataka umpe mkononi leo zaidi ya ambacho hisa kama hizo zingemwingizia baba yako mwaka ule mzima, na mfano wenyewe nimeuchukua kwenye mwaka mzuri. Miaka ya nyuma magawio yalikuwa madogo zaidi. Ukijumlisha yote tangu 2015 utapata fedha ya maana, ya dawa, ya bati, pengine ya kurudisha meza moja ya vitenge. Kiwanja cha Mtumba hakinunuliki hapo.

Nakuambia haya ili ujue uzito wa kitu unachotaka kukigombania na kaka zako, maana kwenye barua yako kinasomeka kama hazina.

Sasa kimyakimya. Tuweke dhambi pembeni kidogo, hiyo utaongea na mchungaji au shehe wako. Mimi nakuambia kwamba kimyakimya haiwezekani. Mwanahisa akifa, kampuni hailipi mtu kwa sababu ni mwanawe, au kwa sababu ndiye aliyeikuta hati kwenye sanduku. Inamlipa msimamizi wa mirathi. Watataka cheti cha kifo cha RITA, watataka barua ya mahakama ya usimamizi, na kwenye barua hiyo jina ni la kaka yako wa Mwanza. Njia zote halali zinapita mlangoni kwake. Kwa hiyo uamuzi ulio nao ni mmoja tu: kaka asikie habari hizi kutoka kwako, au azisikie kwa mtu mwingine na aulize tangu Januari ulikuwa unangoja nini.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja na kuna mtu nimemtafuta sana humo. Mama. Ametajwa mara moja, kwenye sentensi ya dawa, kama gharama. Mwanangu, mama yako ni mjane wa mwenye hisa! Kabla ya wewe, kabla ya kaka wa Mwanza, yuko yeye. Hukuniambia mahakama ilitumia sheria ipi kugawa, na hapo pana tofauti kubwa. Kwa sheria ya Kiislamu mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Ikitumika ile sheria kuukuu ya urithi ya 1865, ambayo bado tunayo nchini, hupata theluthi. Ikitumika sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, mjane anaweza kuondoka mikono mitupu, na watoto hupangwa kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza mbele, wa kiume wengine wakifuata, mabinti daraja la mwisho. Sheria hiyo siipendi na sijawahi kuficha. Nahisi, tena naomba unisamehe kama nakosea, kwamba ndiyo iliyowagawia mashamba ya Kibaigwa, na kwamba uchungu unaousaini chini ya barua ulianza siku ile, kabla hujaiona hati yoyote ya hisa.

Ndiyo maana nasema una madai mawili na umeyafunga kwenye furushi moja. La kwanza ni gawio, ambalo ni mali ya baba na linagawiwa warithi wote. La pili ni miaka minne ya kumgeuza mzee kitandani, na duka lililouzwa. Hilo ni lako peke yako, wala kaka zako hawajalilipa kwa hela ya Krismasi. Lakini ukijilipa la pili kwa kuiba la kwanza, utapata pesa kidogo na utapoteza haki ya kulisema maisha yako yote. Kila ukitaja kiharusi cha baba, mtu atakujibu na hisa. Leo bado una uso wa kuwaambia, "Niliuza duka." Usiuuze na huo.

Mpigie kaka. Usimwandikie kwenye kundi la familia, huko shemeji na watoto wa wadogo zako wote watachangia. Mpigie jioni akiwa ametulia, umwambie hivi au unavyojua wewe: "Kaka, nimekuta hati ya hisa za baba. Nimeuliza, kuna gawio halijachukuliwa. Nimekaa nayo tangu Januari kwa sababu nina kinyongo, na kinyongo chenyewe nataka tukiongee." Usijieleze sana kuhusu hiyo miezi. Atafoka, mwache afoke. Kisha mwombe mambo mawili kwa pamoja: aanze taratibu kama msimamizi, na kikao cha familia kikae mbele ya mama kuzungumzia gharama za kumuuguza baba. Warithi wakikubaliana kwa hiari kwamba gawio lote lililolimbikizwa liende kwa mama, au sehemu yake irudi kwako kufidia duka, hakuna anayewazuia. Andikeni muhtasari, wote mtie saini. Mimi ningependa mama apewe yote, lakini mimi siyo wa ukoo wenu.

Kuhusu taratibu zenyewe nitasema machache. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo hutakiwa kupeleka orodha ya mali ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, na kwa vile hisa hazikujulikana, bila shaka hazimo kwenye orodha ile. Kaka arudi mahakama ile ile, aeleze kwamba mali imegundulika baadaye, hakimu atamwelekeza. Akishapata karatasi za mahakama, aende kwa anayetunza rejista ya wanahisa wa kampuni hiyo. Kampuni nyingi zilizoorodheshwa zinatunziwa kumbukumbu na CSDR, kampuni tanzu ya Soko la Hisa. Nyingine zina utaratibu wake, na ofisi ya katibu wa kampuni itawaambia. Waulize mambo matatu waziwazi: gawio la miaka ipi halijalipwa, kwa nini halikulipwa, na kama katiba ya kampuni ina kipengele cha ukomo. Hilo la mwisho lisikuponyoke. Katiba nyingi za kampuni zinaruhusu gawio lisilodaiwa kwa miaka mingi lirudi kwa kampuni, na hakuna riba inayoongezeka wakati nyie mnanuniana. Ukitafuta mtandaoni utakutana na UFAA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kukusanya mali za namna hii. Hiyo ni ya Kenya, usipoteze bando.

Kwa nini halikulipwa, mimi nakisia. Baba alinunua hisa akiwa kazini, akaandika sanduku la posta la shule. Enzi hizo gawio lilikuja kwa hundi ndani ya bahasha, na hundi ikikaa miezi 6 bila kupelekwa benki hufa. Mwalimu akastaafu, bahasha zikaendelea kwenda shuleni, mwalimu mkuu mpya hamjui. Baadaye kampuni zikahamia kulipa kwa akaunti ya benki na kwa simu, zikaomba wanahisa wahuishe taarifa zao, na wakati huo mzee kiharusi kimeshamlaza. Hakuna mwizi hapo. Wako wastaafu wengi wa mkoa huu katika hali hiyo hiyo wakiwa hai, na kama unasoma hapa na baba yako yuko barazani, muulize leo kama aliwahi kununua hisa, na namba yake ya simu iliyoko kwenye rejista ni ipi.

Halafu kuna kitu ambacho wewe na kijana wako wote mmekisahau. Gawio ni matunda. Hisa zenyewe 3,000 bado zipo, na huenda ndizo zenye thamani kubwa kuliko yote yaliyolimbikizwa. Zinaweza kuhamishiwa kwa majina ya warithi, kila mmoja akafungua akaunti ya CSD, yaani ya kutunzia hisa, kupitia dalali wa soko la hisa mwenye leseni, au zikauzwa mkagawana fedha. Msiziuze kwa hasira. Mkizihamishia kwa mama, gawio la kila mwaka litaingia kwenye simu yake mwenyewe, na dawa za presha zitaacha kuwa ombi la kila mwisho wa mwezi. Mama yako ameishi na mume mwalimu, hesabu anaziweza kuliko mnavyomdhania.

Kama nakala ya kadi ya baba umeshampa yule kijana, wajulishe watunza rejista mapema, kwa maandishi, kwamba mwenye hisa alifariki 2015, na uambatanishe nakala ya cheti cha kifo. Kumjulisha mtunza rejista kwamba mtu amekufa hakuhitaji usimamizi. Baada ya hapo mfumo hautasema tena kwamba mzee yu hai, na fomu yoyote itakayokuja kwa jina lake itaanza kuulizwa maswali.

Hela kama umeshampa, ihesabu imeenda. Na akipiga tena, mwambie mambo ya hisa anayashughulikia kaka mkubwa, umpe namba ya Mwanza. Hatapiga.

Shangazi